Mazembe ya mwaka 2010: mamba mwenye kungoja

Huku Lubumbashi, tukianza kuongea habari ya mupira, hakukosi mutu wa kusema kama mwaka 2010 Mazembe ilishinda juu ya dawa, ao juu ya falanga tu. Sisi tunakataa. Falanga ilikuwapo, ndiyo, lakini falanga haikimbii uwanjani. Tukiachia watoto hadithi ile, tunawanyima somo.

Ekipe hii ilizaliwa mwaka 1939, katika mikono ya mapadri Wabenedikto wa Elisabethville. Ilipata kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikalingoja miaka 41, mpaka 2009. Mwaka ule macho yote yalikuwa kwa Trésor Mputu. Lakini mwaka 2010 FIFA ilimukataza kucheza kwa mwaka muzima. Wengi wakasema: imekwisha.

Kocha Lamine N'Diaye, Msenegali, alipokea ekipe katika hali ile. Ilibidi Mazembe icheze bila kutegemea mutu mmoja. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Fainali ya Afrika, Espérance ya Tunis ilipigwa 5-0 hapa kwetu, na kule Tunis ikawa 1-1.

Mwezi wa kumi na mbili, kule Abu Dhabi, Mazembe ilipiga Pachuca ya Meksiko 1-0. Tarehe 14 ikakutana na Internacional ya Brazili. Wabrazili walishambulia sana; Kidiaba akazuia, wa nyuma wakakaa pamoja, kila mutu mahali pake. Alama ya Mazembe ni mamba, na siku ile ilicheza sawa mamba: kutulia ndani ya maji, kisha kuruka mara moja. Kabangu alifunga dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85. Kwa mara ya kwanza, ekipe isiyo ya Ulaya wala ya Amerika ya Kusini ikaingia fainali ya dunia ya vilabu.

Tuseme ukweli wote: tarehe 18, Inter ya Milano ilishinda 3-0. Mabao mawili yaliingia mbele ya dakika ya 20, na mwenye kungoja akifungwa mapema, inabidi atoke majini.

Leo watoto wetu wanaiga Kidiaba akirukaruka kwa matako. Ni vizuri, ile furaha ni yetu. Lakini tuwaeleze pia zile dakika 52 za uvumilivu zilizotangulia bao la kwanza. Hapo ndipo ushindi ulipikwa.