Erika, Moto na Mpaka wa Mita 2,700 Mlimani Kilimanjaro

Tangu Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kuzusha ubishi mkubwa miongoni mwa wanajiografia wa Ulaya, sifa za mlima huo zimeelemea kileleni, huku ukanda wa vichaka unaotanda juu ya msitu wa mvua, kati ya takriban mita 2,700 na 4,000 kutoka usawa wa bahari, ukihesabiwa kuwa mahali pa kupita tu. Mmea unaoutawala ni erika, wenye majani mafupi membamba kama sindano na matawi yanayoning'inia likeni, yaani viumbe vya kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, mfano wa ndevu za mzee. Ukungu upitapo humo hunaswa na majani hayo, ukakusanyika kuwa matone yanayodondoka ardhini hata siku isiyo na mvua, na kwa njia hiyo erika huchangia maji ya mlima ambayo Wachaga, kwa vizazi vingi, waliyaongoza mashambani kwa mifongo, yaani mifereji yao ya asili.

Wengi huudhani ukanda huu kuwa umekuwa wa vichaka siku zote, lakini dhana hiyo ina walakini, kwa kuwa erika isiyoungua huweza kuwa mti wa mita kama 10, na sehemu kubwa ya vichaka vya leo ni masalia ya misitu iliyoteketezwa na moto, mwingi ukitokana na shughuli za watu, ukiwamo wa warina asali wanaofukiza nyuki, na kuchochewa na ukame uliozidi.

Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973, mpaka wake ulichorwa kwenye mita 2,700, hivyo vichaka vikawa ndani ya hifadhi na msitu ulio chini yake ukabaki chini ya mamlaka ya misitu. Mgawanyo huo ulifaa kwenye ramani kuliko mlimani, maana moto hautambui mpaka, wala wanyama aina ya pofu wanaopanda hadi uwanda wa Shira, mlimani humo, hawautambui. Msitu uliunganishwa na hifadhi mwaka 2005, miaka 18 baada ya mlima kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Oktoba 2020 moto uliunguza takriban kilometa za mraba 95, na wananchi na wanafunzi wakapanda kuuzima pamoja na askari wa hifadhi. Erika iliyoungua huchipua tena kutoka kwenye kitako cha shina, chipukizi nyingi kwa pamoja, nazo hubaki kichaka kila moto unaporudi kabla hazijarefuka.