Land Rover ya babu, miguu ya Range Rover: mafundi walioikata historia kwa grainda

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Kama ulizicheki picha za lile tamasha, uliona 109 za zamani zimepanga foleni pamoja na Defender, na wengi tukasema ni gari zile zile tu: bodi ya kona kona, taa za duara, basi. Lakini wadau, ukiinama ukachungulia chini, hizo ni gari mbili tofauti kabisa. Moja imekalia springi za bapa, nyingine imekalia koili. Na hapo katikati kuna stori ya mafundi ambao majina yao hatuyasikii kabisa.

Tuanze mwanzo

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Vita ilikuwa imeisha juzi tu na chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Chini wakaweka kitu ambacho hata magari ya farasi yalikuwa nacho: springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Usizidharau. Springi ya bapa inapiga kazi tatu peke yake. Inabeba mzigo, inaishika ekseli isihame mahali pake, na vile vyuma vinaposuguana vinapunguza mdundo. Fundi mwenye jeki na spana anaibadilisha chini ya mti. Tatizo ni huo huo msuguano. Kutu ikiingia, vyuma vinagandana, na kila jiwe unalokanyaga linapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo.

Mwaka 1970 kampuni ile ile ikaleta Range Rover, na hii ilikuwa na koili kwenye magurudumu yote manne. Gurudumu moja likipanda kichuguu na jingine likashuka shimoni, tairi zote bado zinaitafuta ardhi. Porini hiyo ndiyo siri, maana tairi inayoelea hewani haikusogezi popote.

Ila Land Rover ya kazi haikupewa hiyo raha. Series III, iliyoanza 1971, ilibaki na bapa mpaka ikaachwa kutengenezwa 1985. Yaani bosi anateleza kwenye koili, mkulima anadundadunda.

Mafundi wanaingia kazini

Range Rover za mwanzo zilikuwa na ugonjwa mmoja: fremu ya chuma ya ndani ya bodi ilikuwa inaliwa na kutu, huku chesisi nene ya chini mara nyingi bado iko fiti. Bei zake zikashuka. Huko Uingereza, watu wa gereji za nyuma ya nyumba wakapiga hesabu: tupa bodi iliyooza, pandisha ya Land Rover ya zamani juu yake.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye gereji, Range Rover ina inchi 100 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na Land Rover fupi ina 88. Kuna waliokata chesisi inchi 12 wakaichomelea upya, na kuna walioiacha chesisi wakarefusha bodi.

Utauliza, kwa nini wasihamishe koili peke yake? Kwa sababu koili inajua kubeba tu. Haiishiki ekseli. Inahitaji mikono ya chuma ya kuizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni, na mikono hiyo inahitaji vishikio imara kwenye chesisi. Chomelea vibaya, kishikio kiachie ukiwa spidi 80. Hapo swaga zimeisha, ni roho za watu.

Kumbe hata kiwanda

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1983 kiwanda chenyewe kikatoa Land Rover One Ten: sura karibu ile ile ya Series III, chini koili za mtindo wa Range Rover. Ekseli zilikuwa pana kuliko za zamani, magurudumu yakatokeza nje ya bodi, ikabidi waongeze zile "nyusi" nyeusi juu ya matairi. Ninety ikafuata 1984, na 1990 familia nzima ikaitwa Defender, mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Januari 2016.

Kwa hiyo lile Defender ambalo ukiliona mtaani unajipapasa mfukoni kama una kitambulisho, asili yake ni gari ya kizamani iliyopewa miguu mipya. Tofauti ni kwamba kiwanda kilijenga chesisi mpya kwa kazi hiyo. Fundi wa nyuma ya nyumba alikuwa na grainda.

Na alilipia. Kwa miaka mingi usajili wa Uingereza ulihesabu pointi kwa gari lililobadilishwa: chesisi 5, springi na wenzake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Ili ubaki na namba yako ulihitaji angalau 8. Chesisi ukishaikata, zile 5 zilikuwa zimeondoka, na gari liliweza kuishia na namba ya Q, ya gari ambalo asili yake haieleweki. Gari la babu yako halina ukoo tena!

Njia ya katikati

Wapo waliochagua springi za paraboli. Nazo ni bapa, ila vyuma ni vichache, vinene katikati na vyembamba kuelekea ncha, na vimeachana ili visisuguane. Zinakaa pale pale pa zamani, hukati kitu. Angalizo moja tu: msuguano ukipungua, shokomzoba zinabeba kazi yote ya kutuliza mdundo. Funga springi mpya na shokomzoba zilizochoka uone gari linavyoruka kama chura.

Kwangu mimi, 109 ambayo chesisi yake bado nzima haistahili grainda. Ipe paraboli, shokomzoba mpya na bushi mpya, iendelee kuitwa 109. Ukitaka koili, nunua 110, kiwanda kilishakumalizia kazi.

Wewe je? Ungekata au ungeiacha kama mzee alivyoiacha? Tiririka hapo chini.