Mganga wa Karema

Wazee husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi iitwayo leo mkoa wa Katavi alikuwako mgeni mmoja aliyepewa jembe lake, akalishika miaka 67. Jembe hilo lilikuwa uganga, na mgeni mwenyewe ni Adrian Atiman. Twamkumbuka hapa, wala si kwa kumsifu tu, bali kwa kuuliza neno moja: ni kitu gani kimwekacho mtibu wagonjwa mahali palipo mbali?

Karema iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga boma hapo, na mwaka 1885 boma likapewa Mapadre Weupe. Atiman hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa mnamo 1866 karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa, na huko Algeria mapadre wakamkomboa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga, ili wakawatibu Waafrika wenzao. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta kusoma. Mwaka 1888 akasafiri pamoja na wenziwe hata Unguja, na toka pwani wakaenda kwa miguu. Mwaka 1889 wakafika Karema.

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma kando ya ziwa. Aliyekuwa bidhaa akawa tabibu wa watu waliokuwa katika hatari ile ile. Akaoa huko huko, mwanamke wa Kibende, na mwana wao Yosefu akawa padre. Wadachi wakaja wakaenda zao, Waingereza wakaja, naye yuko kazini. Reli ya Mpanda ilipokuja, alikuwa mzee wa miaka 80 na zaidi. Akafariki mwaka 1956.

Sasa tuyatazame maneno ya wataalamu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya kuwaweka watumishi wa afya vijijini: wachaguliwe wanafunzi waliozaliwa shamba, wafundishwe karibu na shamba, wasaidiwe kwa fedha, wapate nyumba njema na vyombo vya kazi, wawe na wenzao wa kuwasaidia, na kazi yao itambuliwe. Ukimpima Atiman kwa mawili ya kwanza, waona hakuwa nayo: alizaliwa mbali, akasomea mbali. Lakini hakutupwa peke yake. Alikuwa na ujuzi aliofundishwa kwa miaka, wenzi kituoni, mke na mwana nyumbani, na watu waliomjua tangu ujana wake hata uzee. Imani yake ilimtia nguvu, nasi hatulikani. Lakini hata moto mkali hutaka kuni.

Hapo ndipo tuonapo kosa la wengi. Akilalamika muuguzi wa zahanati ya mbali kwamba dawa zimekwisha, nyumba yavuja, na mshahara umechelewa, huambiwa, "Kazi hii ni wito, uwe na moyo." Neno hili ni kweli nusu. Moyo hauwezi kumchoma mgonjwa sindano isiyokuwako. Tena shauri lote la Lavigerie lilimwegemea mtu mmoja mmoja. Na mganga mmoja, hata akidumu miaka 67, hawezi kuutosha mwambao mzima wa ziwa.

Basi, ndugu wasomaji, tukilitaja jina la Atiman, tusilifanye fimbo ya kuwapigia wauguzi wetu. Kijiji kipatacho mganga mgeni kimkaribishe, kimjengee, kimsomeshee watoto. Na serikali imletee dawa na ujira kwa wakati wake. Ampaye mgeni jembe ampe na mpini.