Kristo Nchi Kavu, Thor Baharini

Kitabu cha kale cha Iceland kiitwacho Landnámabók chasimulia habari za watu wa kwanza kuhamia kisiwa kile. Mmoja wao ni Helgi, aliyepewa jina la utani la Mwembamba, kwa sababu alipokuwa mtoto aliachwa kwa walezi katika visiwa vya Uskoti, nao wakamnyima chakula hata wazazi wake waliporudi hawakumtambua. Mama yake alikuwa binti wa mfalme wa Ireland, na Ireland ilikuwa nchi ya Kikristo tangu zamani. Helgi alimwamini Kristo. Lakini kitabu chaongeza kwamba kwa safari za baharini na kwa mambo yote mazito alimwomba Thor, mungu wa radi.

Alipoiona nchi ya Iceland alimwuliza Thor ashuke wapi, akaelekezwa kaskazini. Mwanawe akamwuliza kama angetii hata kama Thor angemtuma kwenye bahari ya barafu. Hata hivyo walifika salama, wakajenga, na makao yake Helgi akayaita Kristnes, yaani Rasi ya Kristo.

Ni rahisi kumcheka mtu huyu. Lakini kabla ya kumhukumu na tupande naye chomboni.

Jahazi la watu wa Kaskazini halikuwa na sitaha ya kujificha. Lile lililofukuliwa Gokstad, Norwei, mwaka 1880, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 9, lina urefu wa mita 23 hivi na nafasi za makasia 32. Mbao zake za mwaloni zimepandana kama magamba ya samaki, zimeshikwa kwa misumari ya chuma, na katikati zimekalafatiwa kwa manyoya ya wanyama na lami. Ni kazi ya mafundi hodari kwelikweli. Chombo kilikuwa chepesi, kiliweza kujipinda na wimbi bila kuvunjika, na kiliweza kuingia katika mto usio na kina. Lakini aliyesafiri ndani yake alilowa mchana na usiku. Alilala katika mfuko wa ngozi, akala samaki mkavu na siagi, na dira hakuwa nayo. Alitazama jua, mwendo wa mawimbi, nyangumi na ndege. Msafiri mwingine wa kitabu hichohicho, Flóki, alichukua kunguru watatu. Wa kwanza alirudi walikotoka, wa pili akaruka juu akarudi chomboni, na wa tatu akaenda mbele moja kwa moja, naye Flóki akamfuata. Msomaji wa Mwanzo atamkumbuka Nuhu.

Baharini namna hiyo ndipo Helgi alipomwita Thor. Mambo ya kila siku alimwachia Kristo. Kifo kilipokaribia alirudi kwa mungu wa babu zake. Nasi tunaowaona waumini wakiimba kanisani Jumapili na kwenda kwa mganga mtoto akiugua, tunamfahamu mtu huyu vizuri kuliko tunavyopenda kukiri.

Wala hakuwa peke yake. Wafanyabiashara wengi wa Kaskazini walikubali kutiwa alama ya msalaba pasipo kubatizwa, ili waweze kuuziana na Wakristo na kula nao. Huko Trendgården, Denmark, limepatikana jiwe laini la kusubia mapambo, lenye umbo la msalaba na la nyundo ya Thor pamoja. Fundi yule alimwuzia kila mtu alichotaka.

Tusisahau pia kwamba wengi wa watu hawa walikuwa wakulima. Walipanda shayiri na kufuga kondoo, na wanawake walifuma kwa miezi mingi sufu ya tanga moja tu. Lakini utajiri mwingine ulitoka kwa watu waliokamatwa. Makao ya watawa ya Lindisfarne, Uingereza, yalivamiwa mwaka 793, na baada ya hapo mateka wengi Wakristo waliuzwa utumwani kaskazini. Kwa hiyo Injili ilifika katika nchi zile ikiwa imefungwa kamba, kabla mhubiri hajafika.

Mmonaki Ansgar alipokwenda Birka, Uswidi, mnamo mwaka 829, maharamia walimpora njiani. Rimbert, mwanafunzi wake aliyeandika maisha yake, asema walipoteza karibu vitabu 40. Baadhi ya wenzake walitaka kurudi. Ansgar akaendelea, sehemu kubwa kwa miguu, na huko Birka akawakuta mateka Wakristo waliofurahi kupata tena sakramenti.

Baadaye mapadri walifukuzwa, na kwa miaka kama saba Birka haikuwa na kuhani. Hapo Rimbert amtaja mjane tajiri, Frideburg. Majirani walimshauri atoe sadaka kwa miungu shida zilipomjia, kama desturi ilivyokuwa, akakataa. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumpa Komunyo saa ya kufa, alinunua divai kidogo akaiweka chomboni, akamwagiza binti yake Catla amtilie kinywani siku hiyo itakapofika. Divai ile ilikaa miaka kama mitatu. Kisha kuhani Ardgar akafika, na mama yule akafa akiwa amepokea.

Kabla ya kufa alimwamuru Catla auze mali na kuwagawia maskini. Tena alisema kwamba Birka maskini ni wachache, basi auze vitu vyote kisha avuke mpaka Dorestad, mji wa biashara katika Uholanzi ya leo, wenye makanisa mengi na wahitaji wengi. Catla akapanda chombo na fedha ile, akavuka bahari ileile ya maharamia, akatafuta wanawake wacha Mungu wa kumwonyesha wenye shida, akaigawa.