Kasha la Dawa Lilitangulia Mbuzi

Nimeombwa na kamati niandike historia ya mbuzi wa kikundi. Nimekaa nikafikiri, nikaona kuwa historia ya mbuzi wetu haiwezi kuanza na mbuzi. Inaanza na lile kasha la bati lenye rangi ya kijani, ambalo wanachama wapya huwa wanadhani ni la vyombo vya shughuli.

Ikumbukwe kwamba kuweka fedha pamoja si jambo geni kwetu. Mama zetu na bibi zetu Mji Mkongwe na Ng'ambo walicheza upatu, na upatu ulisomesha watoto na kuezeka nyumba. Huu utaratibu wa sanduku la kufuli tatu, hisa, mkopo na mgawo wa mwisho wa mwaka ulitoka mbali kidogo. Shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kisha ukaletwa Unguja katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaota mizizi kweli kweli. Sisi wa Mjini tuliuiga kwa jamaa zetu wa shamba, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Na kwa nini mbuzi? Kila mtu anajua. Iddi Kubwa haiji bila mbuzi, akika haifanyiki bila mbuzi, na hitima ya watu wengi inataka nyama. Miaka yote mbuzi wengi wanaochinjwa hapa huja kwa chombo kutoka Bara, na bei hupanda kila Mfunguo Tatu unapokaribia. Akina mama tukapiga hesabu zetu barazani, juu ya kahawa, tukaona kwamba mwenye majike wawili shamba kwa dada yake baada ya miaka miwili mitatu ana kibubu kinachotembea. Hesabu ilikuwa nzuri, ila haikuwa na mstari wa kifo.

Hapo inafaa nirudi nyuma, maana kosa letu lilikuwa na sababu yake. Wazee wa kusini na mashariki ya kisiwa wanamkumbuka vizuri mbung'o. Aliyekuwepo Unguja alikuwa wa aina moja tu, Glossina austeni kwa jina la wataalamu, mdudu wa vichakani, na ngome yake ilikuwa Jozani. Alieneza nagana, ugonjwa unaomkausha mnyama kidogo kidogo: damu inapungua, manyoya yanasimama, mimba zinatoka. Ng'ombe ndio walioteseka zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walimiminiwa dawa mgongoni, na vitambaa vilivyotiwa sumu vikatundikwa vichakani. Mbung'o wakapungua, hawakwisha.

Ndipo mwaka 1994 ikaanza kazi ambayo watu wengi waliidhania mzaha. Mbung'o walifugwa kwa wingi kule Tanga, katika taasisi ya utafiti, wakilishwa damu ya ng'ombe. Madume yakapigwa mionzi yasiweze kuzalisha, kisha yakamwagwa juu ya Unguja kwa ndege, wiki baada ya wiki, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake, basi likipandwa na dume tasa ndiyo limekwisha. Yalimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwishoni mwa 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Hadi leo hajarudi.

Mimi huona hiyo ni moja ya kazi kubwa kabisa zilizofanyika katika kisiwa hiki, na ajabu ni kwamba watoto wetu skuli hawaijui. Angalieni mpango wake ulivyokuwa: adui kwanza aliondolewa, halafu ndipo watu wakahimizwa kuleta ng'ombe bora wa maziwa. Sisi tulichukua habari nusu. Tukasema mbung'o kaisha, kwa hivyo maradhi ya mifugo yamekwisha. Tukasahau kupe, tukasahau minyoo, ambao hakuna ndege iliyopita juu kuwaangamiza.

Mkopo wa mwanzo wa mbuzi tulitoa mwaka wetu wa kwanza, kwa wanachama watatu. Walinunua mbuzi walioshuka chomboni, wamechoka na safari, wakawapeleka shamba moja kwa moja na kuwachanganya na mbuzi wa wenyeji siku hiyo hiyo. Mmoja alianza kukohoa kabla wiki haijaisha, akafa. Wengine walinenepa vizuri, sote tukafurahi, mpaka masika yakapita na majani yakawa mengi. Basi mbuzi jike wa mwenzetu mmoja akaanza kusinzia na kuvimba chini ya taya. Dada yake kule shamba akadhani kapigwa jiwe na watoto. Alipiga simu Alkhamisi usiku. Ijumaa mwenzetu akatoka mjini kutafuta dawa, duka la kwanza hawana, la pili limefungwa kwa sala, akapata alasiri. Akafika shamba magharibi imeshaingia, mbuzi kalala ubavu. Asubuhi alikuwa mzoga, na mimba tumboni.

Nasema mzoga kwa makusudi. Mbuzi aliyekufa mwenyewe kwetu haliwi wala hauzwi, ni wa kufukiwa. Hasara yake haina nusu. Na dawa ya minyoo aliyoihitaji ilikuwa bei ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi siku ile. Mwenzetu alilipa mkopo wa mbuzi asiyekuwepo kwa kuuza maandazi miezi saba. Hakukosa hata kikao kimoja. Jina lake simtaji kwa kuwa ameniomba, lakini waliokuwepo wanamjua.

Kikao kilichofuata kilikuwa kikali. Mweka hazina wetu wa wakati ule alileta shauri kwamba kabla ya mkopo mwingine wowote wa mbuzi, kikundi kinunue dawa na vifaa vya lazima, vikae shamba karibu na wanyama, na fedha itoke katika mfuko wa jamii. Lo! Baraza liliwaka moto. Mfuko wa jamii ni wa mwanachama mgonjwa, mzazi, aliyefiwa. Bibi mmoja mtu mzima akasimama akauliza kama siku atakayolazwa yeye ataambiwa fedha yake kainywa mbuzi. Hakuna aliyeweza kumjibu, na kusema kweli alikuwa na haki. Mfuko wa watu haukuguswa. Tulikubaliana kila anayetaka kufuga atoe mchango wa kasha, mara moja wakati wa kuingia na kidogo kila mwezi, na mkopo wa mbuzi usitoke mpaka kasha limejaa na mkopaji ameonyeshwa kilichomo na namna ya kukitumia. Ilituchukua karibu mwaka mzima. Wanachama wanne walitoka, wakasema kikundi kimekuwa duka la dawa.

Baadaye tulikuja kujua kwamba wengine walitutangulia kwa mawazo hayo. Shirika la Heifer, lililoanza Marekani mwaka 1944 na ambalo Tanzania linajulikana kwa ule mtindo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, halimpi mtu mnyama mpaka amefundishwa na banda limesimama. Na huko Meru, Kenya, shirika la FARM-Africa lilipoanza mradi wa mbuzi wa maziwa mwaka 1996, pamoja na mabeberu wa Toggenburg walifundishwa wanavijiji wenyewe kutibu mifugo, na wakapewa vifaa vya dawa. Tungelijua mapema tusingelipigana sana barazani.

Sasa kasha lenyewe. Wengi huuliza ndani mna nini, na wengine hutaraji sindano na machupa. Kitu kinachotumika zaidi ni daftari. Halafu kipimajoto: joto la mbuzi asubuhi kivulini ni nyuzi 38.5 hadi 39.5 hivi, na likipita 40 tunapiga simu, hatusubiri. Ipo mizani ya kuning'iniza, nitaeleza kwa nini. Ipo ayodini kwa vidonda na kwa kitovu cha mwanambuzi aliyezaliwa sasa hivi, maana kitovu kibichi ni mlango wa maradhi. Kipo kisu cha kwato, kwa sababu wenzetu wenye mbuzi maweni huko mashariki, mawe yanawakata wanyama na kijiwe kidogo kikiachwa ndani ya ukwato kinageuka usaha. Kuna chumvi na sukari zilizofungwa vizuri, kwa mwanambuzi anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kama tulivyofundishwa kliniki kwa watoto wetu. Kuna chupa ya mafuta ya kula kwa mbuzi aliyejaa gesi, anywe pole pole kwa pembeni ya mdomo asije akapaliwa. Hiyo chupa imeandikwa kwa rangi nyekundu ISIPELEKWE JIKONI, na bado mara mbili imepelekwa jikoni.

Dawa ya minyoo ipo, na dawa ya kupe ipo lakini imefungwa peke yake na glavu zake, mbali na kila kitu, maana ile ni sumu. Kuhusu minyoo, bwana mifugo alitufundisha jambo lililotuokolea fedha nyingi: kufunua ukope wa chini wa mbuzi na kutazama rangi. Ukiwa mwekundu mwache, ukiwa mweupe kama karatasi damu imenyonywa, na uvimbe chini ya taya ndiyo dalili ya kuchelewa. Wataalamu wa Afrika Kusini waliitengenezea kadi ya rangi katika miaka ya 1990, na siku hizi inatumika nchi nyingi. Yule mbuzi wetu wa mwanzo, laiti mtu angelimfunua jicho wiki mbili kabla!

Sindano za viuavijasumu hazimo. Wapo wanaolalamika, lakini mimi nasimama na kamati. Hizo ni za bwana mifugo, aje achome mwenyewe na aandike daftarini. Mnyama aliyechomwa dawa ana siku za kungojwa kabla hajachinjwa au maziwa yake hayajanywewa, kama ilivyoandikwa chupani, na zipo dawa zinazotaka wiki kadhaa. Wiki ya mwisho kabla ya Iddi watu hupata tamaa. Tulikuwa na mtu aliyetaka kuuza beberu aliyechomwa siku tano nyuma. Daftari likamzuia, si sisi.

Makosa tumefanya mengi hata baada ya kasha. Mwaka wa tatu tulinunua dawa ya minyoo kwa wingi kwa sababu tulipunguziwa bei, na hatukusoma tarehe. Ilikuwa imebakia miezi miwili. Muuzaji alikuwa mtu wetu tunayemjua, naye akasema hakuona, basi yakaisha. Tukaweka kasha chini ya bati la nyumba, joto likaharibu nusu ya kilichobaki. Sasa linakaa chumba cha ndani, sakafuni, pahala penye giza. Kosa jingine ni kukadiria uzito kwa macho. Tulikuwa tunawapa mbuzi dawa kwa kipimo cha kondoo, kumbe kwa dawa nyingi za minyoo mbuzi anataka zaidi kuliko kondoo wa uzito ule ule, na kumpa kidogo kunawafundisha minyoo kuizoea dawa. Ndiyo sababu ya mizani.

Na jambo ambalo halimo kasha lolote: mbuzi mgeni anakaa peke yake wiki mbili tatu, ana kamba yake na ndoo yake. Hili halina gharama, na ndilo wanachama wanaloliona gumu kuliko mchango.

Hatujamaliza. Chanjo inataka barafu na sisi hatuna friji shamba, kwa hivyo tunategemea siku za kampeni za Idara ya Mifugo. Tena kasha ni moja na vijiji ni vitatu, na mwenye mbuzi mbali bado anahangaika usiku kama tulivyohangaika sisi. Kamati imeahidi kasha la pili, tunaingoja.

Wale wanne waliotoka, wawili wamerudi, na mmoja wao ndiye anayeshika ufunguo. Yule bibi aliyetetea mfuko wa jamii ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Alipolazwa, fedha yake aliikuta yote. Tunamshukuru bwana mifugo wetu aliyekuja mara nyingine kwa baskeli na kwa kikombe cha chai tu. Na mwanachama aliyeazima kipimajoto tangu Ramadhani, tafadhali akirudishe, kwani majike wawili wako karibu kuzaa.