Upimaji wa oksijeni ya damu bila nyaya kwa wanyama

Upimaji wa oksijeni ya damu bila nyaya ni mbinu ya kufuatilia oksijeni iliyomo kwenye damu ya mnyama anayetembea, kuruka au kuogelea apendavyo. Uhuru huo ni muhimu: mnyama aliyebanwa mezani huingiwa na hofu, moyo ukamwenda mbio, na kipimo kikaonyesha hofu hiyo kuliko maisha yake ya kila siku.

Njia kuu ni mbili. Ya mwanga hutegemea rangi ya damu: hemoglobini iliyobeba oksijeni hufyonza mwanga mwekundu kidogo kuliko isiyobeba. Takuo Aoyagi wa Japani aliitumia tofauti hiyo katika miaka ya 1970, na ndiyo asili ya kipimo kinachobanwa kidoleni hospitalini. Kwa mnyama anayekimbia haitulii; manyoya na mtikisiko huivuruga. Ya pili ni elektrodi aliyoibuni Mmarekani Leland Clark katika miaka ya 1950, ambayo huingizwa ndani ya mshipa wenyewe.

Kwa elektrodi hiyo Jessica Meir, Paul Ponganis na wenzao waliwapima sili tembo wachanga wa California, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Sili walichukuliwa kwenye ufuko wa Año Nuevo, wakafungwa kinasa data mgongoni, kisha wakaachiwa baharini mbali na kwao. Hurudi wenyewe, na kifaa hurudi nao. Kinasa ni lazima, kwa kuwa data haiwezi kutumwa kwa redio: maji ya chumvi humeza mawimbi yake.

Wakati wa kuzama, shinikizo la oksijeni kwenye ateri lilishuka hadi kati ya milimita 12 na 23 za zebaki, na kwenye vena hadi 2 tu. Mtu mzima mwenye afya huwa na 80 hadi 100 kwenye ateri. Wapanda mlima waliopimwa Everest, mita 8,400 juu, walikuwa na wastani wa 24.6, nao walikuwa wamezoea hewa haba kwa wiki kadhaa.

Baadaye Meir alilea vifaranga wa bata bukini, wa aina inayovuka Himalaya, tangu kuanguliwa, hata wakamdhania mama yao. Waliporuka wakivuta hewa haba, damu ya vena ilipoa. Na hemoglobini iliyopoa hushika oksijeni zaidi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019.