Shimo la Kokwet: Mtoto Hukomaa kwa Anachochezeshwa

  Leo tunarudi nyuma hadi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya, tujiulize: mtoto hupata wapi nguvu za kukaa, kusimama na kutembea?

Mwaka wa 1957, Marcelle Geber na R. F. A. Dean, waliofanya kazi Kampala, Uganda, waliandika katika jarida la Lancet kwamba watoto wachanga waliowapima waliwatangulia wale wa Ulaya kwa ukakamavu wa mwili. Wako waliodhani basi mtoto wa Kiafrika huzaliwa hivyo tu, na mama hana sehemu yake.

Kisha mtafiti Mmarekani, Charles Super, akaishi Kokwet kati ya mwaka wa 1972 na 1975. Yeye hakuwapima watoto tu, bali pia aliwatazama mama zao. Aliona mtoto mchanga akishikwa kwapani na kuchezeshwa ili apige miguu mapajani. Aliona mtoto wa miezi mitano au sita akiketishwa katika shimo dogo lililochimbwa ardhini, au katikati ya blanketi zilizokunjwa, ili mgongo wake uegemee. Baadaye alishikwa mikono akafundishwa hatua.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1976. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakutangulia, kwa maana hilo hawakufundishwa sana. Katika jamii nyingine za Kenya ambako mama walifundisha kutambaa, watoto walitambaa mapema.

Umeona, mama? Siri haikuwa damu. Ilikuwa mchezo wa kila siku mikononi mwa wanaomlea.

Hii haina maana kwamba watoto washindanishwe. Shirika la Afya Duniani lilionyesha mwaka wa 2006 kwamba watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18 hivi. Wa jirani akitangulia, usife moyo. Wako akipita miezi 18 bila kutembea, au akipoteza uwezo aliokuwa nao, mpeleke kliniki bila kukawia.

Akishaanza kutembea, shimo la Kokwet halimtoshi tena. Sasa anahitaji kukimbia, kuruka, kupanda na kurusha. Huhitaji pesa. Tandika godoro au mito sakafuni apande na kushuka. Mpe jerikeni tupu asukume. Nyosha leso chini airuke kama chura. Fungeni mpira wa matambara, arushe, aupige teke, aufuate. Pigeni makofi mcheze ngoma pamoja. Kwanza ondoa maji ya moto, jiko na vyenye ncha kali, nawe usimwache peke yake.

Jihadhari na kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto huwekwa ndani asukume kwa miguu. Hakimfundishi kutembea, na kinaweza kumtumbukiza ngazini au motoni. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka wa 2004.

Mwaka wa 2019 Shirika hilo lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate angalau dakika 180 za kuchangamka kwa siku, zikigawanywa asubuhi, mchana na jioni. Asifungwe mgongoni au kitini zaidi ya saa moja mfululizo. Najua shamba linakungoja na nguo hazijafuliwa. Basi ukifua, mpe kitambaa akikamue na kukimbia nacho hadi kwenye kamba. Huo nao ni mchezo.

Mama wa Kokwet hawakuwa na vitabu. Walikuwa na mikono, mapaja na shimo dogo la udongo. Wewe una nini nyumbani? Anza na hicho leo.